Maakida Wawili

Neno la Kwaresima kwa wote wanaoongoza watu kazini
Masomo: Mathayo 8:5-13, Luka 7:1-10





Padre wetu ametutaka sisi wazee tuliostaafu tuandike kwa zamu, kila mmoja neno moja juu ya kazi aliyoifanya na jambo ambalo Mungu alimfundisha ndani ya kazi hiyo. Zamu yetu imeangukia Kwaresima. Sisi tuliowafundisha walimu kwa miaka mingi tulifikiri kwanza kuandika juu ya chaki na ubao, na furaha ya kuona vijana wakienda kufundisha vijijini. Lakini Kwaresima si majira ya kusimulia mazuri yetu. Kwa hiyo tutaandika juu ya kazi iliyotushinda zaidi kuliko kufundisha, nayo ni kuongoza watu kazini. Tena hatutaficha kosa letu.

Ndugu, asiwepo mtu wa kuufunga ukurasa huu akisema, "Haya ni ya wakurugenzi na wakuu wa shule." Ye yote anayemtuma mtu mwingine kazi amekwisha kuwa kiongozi. Fundi seremala mwenye vijana wawili wanaojifunza kushika randa ni kiongozi. Mama mwenye genge na binti wa kumsaidia ni kiongozi. Mwenye shamba anayeita vibarua wakati wa palizi ni kiongozi, hata kama kazi yenyewe ni ya siku tatu. Na katika nyumba zetu nyingi yuko msichana wa kazi, ambaye huamka kabla yetu na kulala baada yetu. Basi baba na mama wa nyumba hiyo ni viongozi wa kazi, wapende wasipende.

Somo letu ni habari ya akida wa Kapernaumu. Mara nyingi tunapohubiriwa habari hii tunaelezwa imani yake, na ni haki, maana Bwana Yesu mwenyewe aliistaajabia. Lakini leo tumtazame akida huyo katika kazi yake. Alikuwa mkuu wa askari. Akida wa jeshi la Kirumi aliongoza watu kama 80, na pengine kufika mia. Amri yake ilikuwa amri. Yeye mwenyewe alimweleza Bwana kwamba akimtuma mtu, mtu huyo huenda, na akimwita, huja. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Pamoja na hayo, tazameni alichokileta mbele ya Bwana. Hakuleta shauri la jeshi wala la cheo chake. Alileta habari ya mtumishi mmoja. Tena hakusema kwamba mtumishi wake siku hizi haonekani kazini. Alijua mtumishi yuko wapi: yuko nyumbani, amelala. Alijua ana ugonjwa gani: amepooza. Alijua hali yake usiku na mchana: anateseka mno. Luka anaongeza kwamba mtumishi huyo alikuwa wa thamani sana kwake. Mtu mwenye watu wengi hivyo chini yake alijua mtumishi mmoja amelala wapi na anaumwa nini. Hapo ndipo tunapotaka tukae leo.

Waliotutafsiria Maandiko walilitumia neno "akida", ambalo watu wa pwani walilijua kuwa ni mkuu wa askari. Lakini neno hilo lina habari nyingine katika nchi yetu. Wadachi walipoitawala Tanganyika waliweka maakida juu ya majumbe wa vijiji, na wengi wa maakida hao walitoka mbali, wala hawakuwa watu wa mahali pale walipotawala. Walikusanya kodi na kusimamia mashamba ya pamba ambayo watu walilazimishwa kuyalima. Akida wa namna hiyo alijua hesabu ya vichwa na hesabu ya magunia. Hakujua nani ana mgonjwa nyumbani, wala nani ameacha shamba lake la chakula linaliwa na nguruwe ili apalilie pamba ya serikali. Mwezi wa Julai mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza, vikaendelea hata mwaka 1907. Wazee wetu walipolisikia neno akida hawakukumbuka Kapernaumu. Walikumbuka kiboko.

Basi wako maakida wawili: akida wa Kapernaumu na akida wa pamba. Wote wawili walikuwa na mamlaka, na wote wawili walitoa amri. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliwajua watu wake, na mwingine aliwahesabu tu.

Wala tusidhani kwamba akida wa pamba aliondoka na Wadachi. Mwaka 1971, sisi tukiwa watoto wa shule ya msingi, TANU ilitoa Mwongozo, ambao pamoja na mambo mengine uliwakataza viongozi majivuno na ubabe kwa watu wanaowaongoza. Wafanyakazi katika viwanda kadhaa wakaushika Mwongozo huo na kuwakataa mameneja waliokuwa wakiwadharau. Wakoloni walikuwa wamekwisha kwenda, bendera ilikuwa yetu, na wakubwa walikuwa ndugu zetu wenyewe. Lakini akida wa pamba alikuwa amebaki ndani ya kiti, akimngoja atakayekalia.

Nasi tulikikalia.

Ilikuwa mwaka 1998. Tulikabidhiwa kuongoza chuo kimoja cha ualimu chenye wanachuo zaidi ya 300, wakufunzi 26, na watumishi wengine 19, yaani makarani, wapishi, walinzi, dereva na mtunza bohari. Umri wetu ulikuwa haujafika miaka 40. Tuliingia na bidii nyingi, na kwa kweli na kiburi kidogo. Tuliambiwa kwamba watu wa pale wamezoea kuchelewa, nasi tukaamini tulivyoambiwa. Daftari la mahudhurio likawekwa juu ya meza ya karani, na kila asubuhi saa 1:30 kamili tulipiga mstari wa wino mwekundu chini ya jina la mwisho. Aliyetia sahihi chini ya mstari amechelewa. Kwa miezi michache mstari ule ulifanya kazi nzuri, nasi tukajisifu mioyoni kwamba tunajua kuongoza.

Jikoni alikuwako mpishi mmoja mzee, aliyekaribia kustaafu, mtu wa umri wa baba zetu. Kazi yake ilikuwa kuwasha moto saa 10 alfajiri ili uji wa wanachuo uwe tayari saa 12:30. Miaka mingi uji ulikuwa tayari kwa wakati wake. Kisha ukaanza kuchelewa, kwanza robo saa, halafu nusu saa, na mara nyingine kipindi cha kwanza kilianza wanachuo wakiwa bado wamepanga foleni bwaloni na bakuli mikononi. Wakufunzi wakalalamika. Kamati ya chakula ya wanachuo ikalalamika.

Tukafanya kama tulivyojua kufanya. Tulimwambia karani apige barua, ya kwamba mtumishi huyo ajieleze kwa maandishi, katika muda wa siku tatu, kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuchelewesha kifungua kinywa cha wanachuo. Karani akaipeleka jikoni. Jibu lilikuja kwenye karatasi ya daftari la shule, kwa mwandiko wa mtoto, mistari miwili tu, kwamba ni kweli amechelewa na anaomba radhi. Tuliudhika. Tuliona kwamba ametujibu kwa dharau, kwa kuwa hakutoa sababu. Wiki mbili baadaye uji ukachelewa tena, nasi tukapeleka barua ya pili, kali kuliko ya kwanza, na nakala yake ikaenda kwa wakubwa wetu.

Barua ya pili haikujibiwa. Siku ya tano asubuhi tukaletewa habari kwamba mzee amefiwa na binti yake.

Kama ilivyo desturi yetu, tulikwenda msibani sote, wakufunzi na watumishi, tukiwa na rambirambi yetu ndani ya bahasha. Hapo ndipo jirani mmoja, mama wa makamo, alipotueleza. Binti yule alikuwa amerudi kutoka mjini karibu mwaka mzima nyuma, mgonjwa wa ugonjwa ambao miaka ile watu hawakuutaja kwa jina, nao ni UKIMWI. Siku hizo dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure katika nchi yetu. Mke wa mzee alikuwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo baba mwenyewe ndiye aliyemwosha binti yake kila usiku, akambadilisha nguo, akamnywesha uji, kisha akamsubiri jirani huyu aje kukaa naye ndipo aende kuwasha moto wetu. Siku ambazo jirani alichelewa, mzee alichelewa, na uji wetu ukachelewa.

Ndugu wapendwa, tulikaa pale juu ya mkeka tukiwa hatuna neno. Tulikumbuka tulivyoudhika kwa sababu hakutoa sababu. Angeiandikaje? Barua ile ingesomwa na karani, ingesomwa na mhasibu, ingewekwa katika jalada na kufika kwa wakubwa. Tulimdai mzee aandike aibu ya nyumba yake, kama watu walivyoiona wakati ule, kwenye karatasi itakayopita katika mikono mingi.

Baada ya mazishi mzee akatujia. Akatushika mkono kwa mikono yake miwili, akatushukuru kwa kufika, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, naomba uniwie radhi. Ile barua ya pili sijaijibu. Sikupata mtu wa kuniandikia."

Nasi tukajibu nini? Tulimwambia asijali, tumekwisha kumsamehe.

Liangalieni neno hilo. Tulimsamehe mtu ambaye sisi ndio tuliomkosea. Watu waliokuwa karibu walitusifu kwamba tuna moyo wa huruma. Tulirudi chuoni, tukaendelea na kazi, lakini neno lile halikutuacha. Likatufuata ofisini, na kila tulipoupiga ule mstari mwekundu mkono ulikuwa mzito.

Ilipofika Kwaresima ya mwaka uliofuata tulikwenda kuungama. Padre, ambaye sasa amekwisha kulala katika Bwana, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza kama tumemwambia mzee. Tukasema bado, ila tumemwambia Mungu. Akatuambia kwamba Mungu alikuwa anajua tangu mwanzo, na asiyejua ni mzee, twende tukamwambie.

Tulikwenda jikoni siku moja kabla ya saa 11 alfajiri. Kwanza tulimwamkia, "Shikamoo, mzee," na hapo tukashtuka nafsini mwetu, kwa sababu tulikumbuka kwamba tangu tupewe ofisi hatukuwahi kumwamkia. Yeye ndiye aliyekuwa akitusalimu sisi, akivua kofia. Akaitikia, "Marahaba, Mwalimu. Mbona mapema hivi, kuna msiba?" Tukakaa juu ya gogo la kuni, tukamweleza kwamba tumekuja kumwomba msamaha kwa barua mbili tulizomwandikia na kwa neno tulilomjibu siku ya mazishi. Akasikiliza huku akichochea moto. Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, barua sikuwa na chuki nayo, kosa nililifanya kweli. Kilichoniuma ni kwamba kutoka ofisini kwako mpaka hapa jikoni ni hatua hamsini."

Hatukuwa na jibu. Naye hakutaka jibu, maana sufuria lilikuwa linaanza kuchemka. Alitupa mwiko mkubwa, akatuambia, "Haya, koroga basi, usiache ushike chini."

Tulikoroga uji wa watu 300 asubuhi ile, na siku hiyo uliwahi.

Juma lile tuliitisha mkutano wa watumishi wote, tukasema mbele yao kwamba barua zile zilikuwa za haraka na kwamba tumewaandikia wakubwa kuomba zisitumike dhidi ya mzee. Hatukueleza mambo ya nyumba yake. Yalikuwa yake.

Sasa tuwaeleze yale tuliyojifunza, nasi tukayashika, japo kwa kujikwaa, mpaka tulipostaafu.

Kwanza, nenda kabla ya kuandika. Bwana wetu, katika Mathayo 18:15, ametufundisha kwamba ndugu akikosa, hatua ya kwanza ni kumwendea, wewe na yeye peke yenu. Mashahidi huja baadaye, na kanisa baadaye zaidi. Sisi tuliigeuza amri hiyo juu chini: tulianza na jalada, tukamaliza na mtu. Hatusemi kwamba barua ni mbaya. Sheria za kazi zinataka mambo yaandikwe, tena kuandika kunamlinda mtumishi asifukuzwe kwa maneno ya mdomo. Lakini karatasi haina macho ya kuona wala masikio ya kusikia. Iende baada ya miguu yako.

Zamani mkubwa wa kazi serikalini alijaza taarifa ya siri juu ya mtumishi wake kila mwaka, na mtumishi hakujua kilichoandikwa juu yake. Sisi nasi tulizijaza. Mwaka 2004 serikali ilileta utaratibu wa kupima kazi kwa uwazi, ambao mkubwa na mtumishi walitakiwa wakae pamoja mwanzo wa mwaka wakubaliane kazi, waitazame tena katikati ya mwaka, na kuipima mwishoni. Ulikuwa utaratibu mwema, karibu na Injili kuliko ule wa siri. Hata hivyo tuliona wakubwa wengi wakiagiza fomu zijazwe zote siku moja, mwezi wa Juni, mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa, bila ya kukaa na mtu hata mmoja. Siku hizi mambo hayo yanajazwa kwa kompyuta. Ni vyema, lakini nayo haiwezi kutembea zile hatua hamsini kwa niaba yako.

Pili, gawa mzigo ili kila mtu awe na anayemjua. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro alimkuta Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, akamwonya kwamba atajichosha yeye na kuwachosha watu. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa akalikubali shauri la mkwewe, naye hakuona aibu. Tulilisoma somo hili mara nyingi tukidhani ni juu ya kumpunguzia mkubwa kazi. Baadaye tulijiuliza kwa nini Yethro alishuka mpaka kwenye makumi. Tunaona kwamba mtu anaweza kujua nyumba kumi. Anaweza kujua nani ana mgonjwa, nani ana mtoto aliyefukuzwa ada, nani hajalala. Watu 45 walitushinda sisi kuwajua sawasawa. Kwa hiyo tuliwaomba wakufunzi wazee wanne, kila mmoja awe na kundi lake la watumishi, wapishi na walinzi wakiwamo, na kila Ijumaa tulikutana nao, tukawauliza kwanza habari za watu kabla ya habari za kazi. Utaona kwamba mara nyingi habari za kazi zilikuwa zimo mle mle.

Tatu, kumjua mtu si kumwachia kila kitu. Tunaliandika hili kwa sababu wako watakaosema kwamba mzee huyu anatufundisha ulegevu. La. Miaka michache baada ya hayo sukari ilianza kupungua bohari. Safari hii hatukuandika. Tulimwendea mtunza bohari, kijana hodari, tukamwuliza, akatueleza habari ya panya. Tukamtembelea nyumbani kwake. Hatukukuta mgonjwa. Tulikuta duka dogo la mbele ya nyumba, na ndani ya duka gunia lenye alama ya chuo. Tulimwambia palepale, uso kwa uso, kwamba tumeona, na kwamba sasa lazima barua ziandikwe. Ziliandikwa, shauri likasikilizwa, naye akaachishwa kazi. Iliuma, lakini hatukujuta. Huruma ya kumwachia mmoja aibe chakula cha wanachuo 300 si huruma, ni kuwaibia wale 300 kwa mkono wa mwingine. Akida wa Kapernaumu hakuacha kuwa akida kwa kuwa alimpenda mtumishi wake. Tofauti ni kwamba ukimjua mtu, hata adhabu yake itakuwa ya haki, naye ataijua kuwa ni ya haki. Kijana yule tulikutana naye baadaye kituo cha basi, akatubebea mzigo.

Nne, anza wewe kusalimu. Katika kitabu cha Ruthu, sura ya 2, Boazi alipofika shambani aliwasalimu wavunaji wake kwa jina la Bwana, nao wakamwitikia kwa baraka. Tajiri alianza, vibarua wakafuata. Salamu si jambo dogo kwetu. Mtu mzima anayevua kofia mbele ya kijana kwa sababu tu kijana ana ofisi, na kijana akapita akitikisa kichwa, hapo kuna jambo limevunjika, wala mshahara hauliungi. Tangu asubuhi ile ya mwiko, siku yetu ya kazi haikuanzia ofisini tena. Ilianzia jikoni, ikapita kwa walinzi wanaotoka zamu, ikapita bustanini, ndipo ikafika mezani. Ilitugharimu nusu saa kila siku, na katika nusu saa hiyo tulijua mambo ambayo daftari lisingetuambia kwa mwaka mzima. Mstari mwekundu hatukuuacha, lakini kabla ya kuupiga tulikuwa tunajua jina la nani litakuwa chini yake, na kwa nini.

Wapendwa, hata tungeyashika haya yote manne kwa akili zetu, yangekuwa ustadi wa kazi tu, kama hatutaona yanakotoka. Akida alipomweleza Bwana habari ya mtumishi wake, Bwana hakuagiza kwanza aletewe maelezo. Alisema atakwenda mwenyewe. Nyumba ya mtu wa mataifa, ambamo Myahudi wa siku zile hakuingia kwa wepesi, na mtumishi ambaye hata jina lake hatujaambiwa, na Bwana akawa tayari kwenda. Na hivyo ndivyo Mungu alivyotutendea sisi wote. Torati iliandikwa, tena kwa haki, na manabii walituma neno, tena mara nyingi. Tulijibu vibaya, au hatukujibu kabisa. Lakini Mungu hakukoma kwenye maandishi. Neno alifanyika mwili akaja akakaa kwetu, katika nyumba zetu zenye wagonjwa na aibu. Usiku ule wa Alhamisi Kuu alijifunga kitambaa, akapiga magoti mbele ya watu aliokuwa Bwana wao, akawaosha miguu. Sisi tuliomtazama mzee akisimulia kwa kifupi alivyomwosha binti yake, tuliona kwamba mpishi wetu aliielewa Alhamisi Kuu kuliko sisi tuliokaa viti vya mbele kanisani.

Kwa hiyo katika Kwaresima hii, pamoja na kufunga na kutoa sadaka, tunawaomba kila mmoja aketi na kumfikiria mtu mmoja anayemtuma kazi. Msichana wako wa kazi: je, unajua mama yake ni nani, na mara ya mwisho alimwona lini? Kijana wako wa karakana: anapochelewa, umekwisha kufika anakolala? Na sisi halmashauri ya kanisa tusijitoe. Mwinjilisti wetu wa mtaa wa mbali, ambaye huandikiwa barua kila robo mwaka kwamba michango haijafika, ni nani kati yetu aliyekwenda kumwona mwaka huu? Na mlinzi wa kanisa, anayelala barazani ili vinara vyetu visiibiwe, mvua ya masika ikinyesha hujikinga wapi?

Na kama utakumbuka kwamba ulimwandikia mtu ambaye ungeweza kumwendea, au ulimsamehe mtu uliyemkosea wewe, basi usingoje Pasaka. Nenda. Pengine ni hatua hamsini tu.

Mzee wetu alistaafu mwaka 2001. Kiinua mgongo chake tulikifuatilia sisi wenyewe, ofisi hata ofisi, mpaka kikatoka, akaezeka nyumba yake bati. Alifariki miaka kadhaa baadaye akiwa amewalea wajukuu wawili wa binti yule, na mmoja wao, ambaye tunaamini ndiye aliyeiandika ile karatasi ya mistari miwili, leo ni mwalimu.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyekuwa tayari kwenda nyumbani kwa mtumishi asiyejulikana jina, uwarehemu wote waliowekwa juu ya wengine katika kazi. Utuondolee kiburi cha kiti. Utupe masikio kabla ya kalamu, na miguu kabla ya hukumu. Uwakumbuke wote wanaoamka alfajiri kutuhudumia, na wagonjwa wanaowaacha nyumbani. Na utusamehe sisi tuliowahesabu watu wako wala hatukuwajua. Kwa ajili ya jina lako. Amina.

Ni sisi, Mwalimu mstaafu, wa parokia hii